Niliandika "Maji Yametiwa Dawa", Wakamvunja Mtu Mkono

Admin, jina langu lifute. Jina la kijiji nimeshalifuta mwenyewe, ila ni huku Iramba, upande wa Misigiri.

Mimi ni binti wa miaka 24, nina stashahada, na huu ni mwaka wa pili nikiwa karani wa chombo kinachosimamia maji ya kijiji chetu. Nasoma mita, napokea malalamiko, naandika matangazo. Naishi na mama, pamoja na dada yangu mwenye mtoto mdogo. Haya ninayaandika nimejifungia kwenye choo cha ofisi, kwa sababu nyumbani mama hushika simu yangu.

Mwezi uliopita bomba kubwa lilipasuka pale ng'ombe wanapovuka korongo. Tope na kinyesi vikaingia. Fundi wetu alilitengeneza, lakini watoto walikuwa wameshaanza kuharisha. Mtoto wa dada alilazwa, macho yamezama, hata sauti ya kulia hana. Huyo fundi nimwite Elia. Ni mtu wa kuja, kwao ni Nzega. Mwenyekiti wa chombo alikuwa msibani Shelui, akatuagiza kwa simu tuoshe tenki kwa klorini nyingi, maji yalale humo hadi kesho yake, tuyamwage, ndipo watu wachote.

Asubuhi ile, kabla hajapanda, Elia aliniambia, "Dada karani, andika klorini. Usiandike dawa. Watu wa hapa wanajua dawa za aina nyingi."

Nikamcheka. "Bibi yupi hapa anaijua klorini? Wewe panda tenki, maandishi niachie mimi niliyesoma."

Nikaandika kwa makapeni, herufi kubwa: MAJI YAMETIWA DAWA. Hapo wino ukaisha. Yaliyobaki, kwamba ni ya kuua vijidudu na wasichote hadi kesho, niliyaandika chini kwa kalamu ya kawaida, madogo. Mhuri sikugonga. Nikabandika kwenye nguzo ya bomba wakati hakuna mtu, nikarudi ofisini kunywa chai.

Saa mbili nikasikia kelele. Mama mmoja alikuwa amesoma zile herufi kubwa kwa sauti, akatupa ndoo. "Jamani, tumewekewa sumu! Kuna mtu mwema katuandikia!" Mwingine akasema amemwona fundi juu ya tenki akimwaga unga mweupe. Ikatosha. Nilipofika, Elia alikuwa anavutwa miguu kushuka ngazi, kichwa kinagonga kila kidato.

"Ndiye anayewaharisha watoto wetu!"

"Mwacheni aonje dawa yake!"

Akaniona. Damu ilikuwa inamtoka puani, akasema, "Dada karani, waambie."

Wote wakageuka. Kijana mmoja wa bodaboda akaniuliza, "Eti karani, unajua nini?" Mkononi ana mnyororo wa baiskeli, umeshalowa damu.

Nikasema, "Mimi nasoma mita tu."

Ndugu zangu, hayo ndiyo maneno niliyosema. Yule kijana akachota unga uliobaki kwenye ndoo, akamsugua nao machoni. Sijawahi kusikia mtu mzima akilia vile. Wakampiga kwa mawe, kwa mnyororo, kwa madumu yao ya maji. Kisha watu wakapisha njia, nikamwona mama yangu anakuja amebeba mchi wa kinu. Mama ambaye kanisani hukaa benchi la mbele. Alisema, "Mjukuu wangu alikuwa anakufa." Wanaume wawili wakamnyoosha Elia mkono juu ya zege la bomba, na mama akapiga. Mara tatu. Mara ya kwanza tu ndiyo niliyosikia mfupa.

Walipomaliza wakageukia bomba, wakalivunja koki kwa mawe. Katika vurugu hiyo nikabandua tangazo langu, nikalificha ndani ya blauzi. Mtendaji wa kijiji alifika na mgambo wawili, wakambeba Elia kama gunia.

Nyumbani nilimkuta mama anaosha mchi. "Mkono ule hautatia dawa tena," akasema, mtulivu kabisa. Jioni akatwangia mahindi mchi ule ule. Nikala.

Sasa Elia yuko hospitali ya wilaya, amefungwa macho yote mawili. Hajanitaja. Mwenyekiti amerudi kutoka msibani na anasema hakuagiza kitu chochote kitiwe. Kwa hiyo anayejua ukweli na anayeweza kusimama ni mimi peke yangu. Na bomba limekufa, tunakunywa maji ya lambo pamoja na ng'ombe. Watoto wawili wamelazwa tangu juzi, na mtoto wa dada ameanza tena kuharisha. Watu wanasema sumu ya Elia bado inatembea matumboni. Wale vijana wameapa akikanyaga hapa watamchoma moto.

Nikisema, namtia mama yangu mwenyewe mikononi mwa polisi, na sijui kama nitatoka mkutanoni nikiwa mzima. Nikinyamaza, Elia akipona atatoka hospitali aende mahabusu kwa kesi ya kutia sumu, na watoto wataendelea kunywa lambo, maana hakuna anayekubali bomba litengenezwe.

Mkutano wa kijiji ni Jumamosi. Leo mtendaji amekuja ofisini, ameniletea karatasi kubwa na makapeni mpya. "Tuandikie tangazo la mkutano, binti. Wewe una mwandiko mzuri." Nikamjibu, "Sawa, mzee," nikavipokea.

Karatasi ile ya zamani bado ninayo, ina jasho langu na doa la damu yake. Mpya iko mbele yangu, haina kitu. Ninyi mnaosoma hapa, wazazi na ndugu, msinitukane tu, nisaidieni. Nianze kuandika neno gani?