Achari ya friji ya mafuta ya taa: wiki mbili za Lodwar nilipojifunza kumwachia mke wangu kisu

Wakuu, nawasalimu nyote, na hasa ninyi mnaosoma kimya bila kuandika neno.

Ninayoyasimulia niliyaishi mwenyewe, Lodwar, katikati ya miaka ya tisini. Pale kumbukumbu inaponiacha nitasema imeniacha, sitaziba pengo kwa maneno matamu.

Nilikuwa mwalimu wa sekondari, niliyelelewa seminarini kwa Kilatini na mantiki, na niliyeamini kwamba jambo lolote likipimwa sawasawa litatii.

Mke wangu, Salome, alikuwa na mimba ya miezi minne.

Ilikuwa ya pili. Ile ya kwanza ilitutoka njiani, gari tulilopanda kwenda kwao Kitale lilipokwama Kalemng'orok kutwa nzima juani. Hilo sitalieleza zaidi.

Hii ya pili ilikuwa imemfunga kinywa. Ugali ulimnukia vibaya, samaki ndiyo kabisa, na chai aliitazama tu mpaka ikapoa. Wanaoijua Lodwar wanajua chai huchukua muda gani kupoa kule.

Nesi wa kliniki, mama mtu mzima wa Kiturkana asiyependa maneno mengi, alimpandisha kwenye mizani, akakunja uso.

"Mwalimu, huyu mama napungua. Mimi nampa wiki mbili. Alhamisi ile ingine, kama kilo haijapanda, aende kwa mama yake Kitale, akae huko mpaka azae."

Salome aliniangalia. Njia ya Kitale ilikuwa moja tu.

Tulirudi nyumbani kwa miguu.

Niseme kidogo kuhusu mchana wa Lodwar, maana bila huo hamtauelewa uzi huu. Kati ya saa saba na saa kumi mji hulala macho wazi. Mikoma ya kando ya mto Turkwel husimama bila kivuli cha maana, mbuzi hujibanza kwenye kuta, na sauti ya mtu aliye mbali hukufikia kana kwamba imepitia majini. Ukiketi kimya muda wa kutosha, huwezi tena kusema kwa hakika kama unawaza au unaota.

Katika saa hiyo, siku moja, Salome alisema akiwa amelala sakafuni kwenye saruji:

"Ningepata kitu baridi. Kikali, chenye siki na pilipili, kinachovunjika mdomoni. Kama ile achari ya dukani Kitale nilipokuwa mdogo."

Ilikuwa mara ya kwanza kwa majuma kadhaa kutaja chakula bila kuziba pua. Nikasimama pale pale.

Tulikuwa na friji. Mpangaji aliyetutangulia, fundi wa kuchimba visima, aliiacha kwa kuwa haikuingia garini. Ilitumia mafuta ya taa. Wadogo zangu mliozaliwa na umeme mtashangaa: moto mdogo huwaka chini yake, na juu mnapata barafu. Utambi ukikatwa upande, moto huwa wa njano na friji hupika badala ya kupoza. Tena lazima isimame sawa kabisa. Nilikuwa nikilaza juu yake chupa ya maji na kuweka vijiwe chini ya miguu mpaka kiputo cha hewa kitulie katikati. Ndani haikuwa na taa. Ulitafuta kitu kwa kupapasa, na mkono ulioingia mle mchana ulijiona kama umevuka mpaka wa nchi nyingine.

Sheria yangu ilikuwa moja: mlango usifunguliwe ovyo, kwa sababu baridi ikitoka hurudi baada ya nusu siku.

Nikampiga Salome marufuku jikoni. Apumzike, nilisema. Kazi hii ya achari ni yangu.

Karoti, kabichi na vitunguu nilivipata kwenye lori lililotoka Kitale. Siki ilikuwepo dukani. Chumvi haikuwepo, iliisha wiki ile mji mzima. Sokoni nikamwona mama mmoja aliyetoka Kataboi, ameketi nyuma ya kirundo cha mabonge meupe yaliyotoka ufuoni mwa ziwa. Nikaona chumvi.

"Ejok, mwalimu," akanisalimu. "Wewe nakula tumbaku?"

"Sili, mama."

"Sasa hii ni ya nani?"

"Ya mke wangu."

Alimgeukia mwenzake, wakaongea kwa Kiturkana, wakacheka mpaka mmoja akashika mbavu.

"Bibi nakula tumbaku, mwalimu hapana," akaniambia akinifungia. "Nyumba yako ni mzuri."

Nilichukulia ni utani wa soko, nikaaga kwa heshima.

Nyumbani nilisaga bonge, nikapima, nikamimina siki. Mchanganyiko ukafura. Povu lilipanda mpaka likamwagika mezani likitoa sauti ya kunong'ona, nami, kwa ujinga wa msomi, nikaandika daftarini: "Povu, dakika mbili. Dalili ya nguvu."

Siku ya nne nilimpelekea Salome kisahani.

Alichukua kipande kimoja cha karoti. Hakikuvunjika. Kilijikunja kama kitambaa. Akatafuna mara mbili, akatoka nje upesi, nikamsikia akitapika nyuma ya nyumba hata maji aliyokunywa asubuhi.

Aliporudi aliketi, akafuta midomo.

"Mwalimu," akasema taratibu, "umenitengenezea sabuni."

Hakukasirika. Ingekuwa heri angekasirika.

Siku zilizobaki zilikuwa tisa, na mbili kati yake nilitakiwa Kakuma, kuendesha mafunzo ya walimu wa kambi ya wakimbizi. Nilikwenda nikiwa na bonge moja la ile chumvi mfukoni, limefungwa karatasini. Nilitaka mtu anieleze kosa lilikuwa wapi.

Soko la kambi lilikuwa limejengwa kwa fito na mabati ya madebe yaliyopasuliwa na kunyooshwa. Yalivyong'aa juani, mtu alitembea humo kama ndani ya maji yenye mwanga. Huku Kiswahili cha Kikongo, kule Kisomali, mbele Kiarabu cha Juba. Mwalimu mmoja, mwanafunzi wangu wa mafunzo yale, alinipeleka kwa Mama Nyandeng, mjane kutoka Sudan ya kusini, aliyeuza karanga, pilipili na achari.

Hakuwa na friji. Chupa zake zilikaa ndani ya mtungi uliozikwa nusu kwenye mchanga uliolowa, na gunia bichi juu. Alifunua, akanipa kipande cha tango kwa ncha ya kisu.

Wakuu, kilivunjika. Kwanza siki, kisha kitunguu saumu, kisha pilipili ikaja polepole kutoka nyuma kama mtu anayebisha hodi kwa adabu. Nilisimama pale, na kwa kitambo soko lote likawa mbali.

"Nipe chupa mbili," nikasema. "Mke wangu ni mjamzito, hali chochote."

Mama Nyandeng alirudisha gunia juu ya mtungi.

"Kwa huyo siuzi, ustaz."

Nilidhani anataka kubembelezwa. Nikaanza kubembeleza. Akatikisa kichwa.

"Kwetu nyumbani, mwenye mimba hapewi achari ya mkono wa mtu. Anakata mwenyewe. Akikata, mkono unaambia mdomo. Huyo wako nani alimkatia?"

"Mimi."

"Na yeye alikuwa wapi?"

"Amepumzika."

"Amepumzika," akarudia, akamtazama jirani yake wa kibanda cha pili. "Ustaz amemfunga mke, halafu anashangaa mke hali."

Nikatoa lile bonge, walau nijitetee kwa ushahidi. Alilitia ulimini kidogo, akatema.

"Atrun. Ustaz, hii tunalainishia bamia. Umetia hii kwenye siki?"

"Nimetia."

"Kalas. Siki imekufa, karoti imeoza. Una bahati hajakupiga na chupa."

Ilikuwa magadi, ile wazee wa Turkana wanayotafuna pamoja na tumbaku. Kila mtu pale Lodwar angeweza kunieleza, na mwuzaji wake alinieleza kwa njia yake. Mimi sikuuliza.

Mama Nyandeng alinifungia pilipili kavu iliyosagwa, wao huiita shata, na kipimo cha chumvi halisi kutoka ghalani kwake. Akanitajia maelekezo, akanifanya niyarudie kama mtoto wa darasa la kwanza.

Ndiyo haya, kwa watakaotaka kujaribu: maji kikombe kimoja yachemshwe na vijiko viwili vidogo vya chumvi na kimoja cha sukari. Yaache yapoe kabisa. Tia siki vikombe viwili. Panga kwenye chupa safi karoti, tango na kitunguu, vitunguu saumu vilivyopondwa, na shata kwa kadiri ya ujasiri wako. Mimina mpaka mboga zizame. Weka mahali pa baridi siku tatu.

Niliporudi Lodwar ilikuwa alasiri. Nilimwekea Salome kigoda jikoni, ubao mapajani, nikampa kisu.

"Nilidhani nimekatazwa humu," akasema.

"Ulikatazwa. Nilikosea."

Alianza kukata. Polepole, vipande vyembamba vya kufanana. Mwanga wa dirishani ulimwangukia mikononi, na sauti ya kisu ikawa kitu pekee kilichokuwa kikitembea katika mji mzima. Kisha, bila kuniangalia, alichovya kipande kibichi kwenye chumvi na shata, akakitia mdomoni.

Nikasikia kinavunjika.

Akachukua kingine. Mimi nilishughulika na utambi wa friji ambao haukuwa na tatizo lolote. Nilihesabu vipande saba, kisha nikaacha kuhesabu.

Kesho yake, siku mbili kabla achari haijatimiza siku zake tatu, nilitoka shule nikamkuta ameketi sakafuni mbele ya friji, mlango wazi, chupa katikati ya miguu, baridi yote ikimwagika chumbani. Alikuwa anakula achari kwa ugali wa jana.

"Baridi inatoka," akasema, akinisubiri niseme.

Nikaketi karibu naye.

Siku zilizofuata achari ilikuwa mlango: ikishapita yenyewe, ugali ulipita, uji ukapita, mwishowe hata samaki.

Alhamisi tukaenda kliniki. Nesi alisogeza kile chuma cha mizani, akakirudisha, akakisogeza tena. Aliandika kwenye kadi. Sikumbuki tarakimu, jambo lisilo la kawaida kwangu.

"Imepanda," akasema. "Haiendi mahali. Tazaa hapa hapa."

Salome alishuka taratibu, akavaa viatu, akamwuliza nesi kama wana chupa tupu za vidonge zenye mifuniko mipana.

Binti yetu alizaliwa Lodwar, asubuhi, mama yake akiwa mzima.

Somo langu, wakuu: onjeni kitu kabla ya kukitia kwenye siki, na mkiulizwa swali sokoni, ulizeni nanyi. La pili lilinichukua muda zaidi. Nilimpenda mke wangu kwa kumwondolea kila kazi, mpaka nikamwondolea na hamu.

Nawakaribisha. Walioishi kaskazini nyakati zile nao waeleze walivyohifadhi vitu bila umeme. Na mama yeyote aliyekata achari yake akiwa mjamzito atuambie, kwa ukweli, ilifika chupani kiasi gani.