Mlima wa Upande wa Pili

Mzee mwenye duka alizoea kunitania kwamba kiti changu kina siafu. Nilikuwa nafanya kazi kwake Katesh, kwenye chumba cha mbele chenye mashine ya fotokopi, kamera ya picha za pasipoti na kompyuta moja, na kutwa nzima mguu wangu wa kulia ulicheza chini ya meza mpaka chai yake ikamwagika kwenye kisahani. Asili yake ilikuwa Kondoa, biashara aliirithi kwa baba yake, na alikuwa mtu mpole. Alichukua kikombe akakihamishia dirishani na kuendelea na hesabu zake. Nilimpenda kwa hilo. Mimi mwenyewe sikujipenda hata kidogo siku zile, kila kitu kilinikera, hata nzi.

Sababu ilikuwa kaka yangu mkubwa. Baba alishafariki, na yeye ndiye aliyebaki na mama nyumbani Bashay. Alipita dukani siku moja, akakaa kwenye benchi la wateja na kuangalia kioo cha kompyuta wakati namwonyesha kadi za harusi nilizotengeneza. Umeme ukakatika. Kila nilichokuwa namwonyesha kikatoweka mbele ya macho yake, tukabaki tunatazama kioo cheusi chenye sura zetu wawili. Hakucheka. Aliniambia mama anaulizwa kanisani binti yake anafanya nini huko Katesh, na hana la kujibu.

"Mnada ujao naleta madume ya ng'ombe hapa," akasema. "Kama una kitu cha kuonekana, nionyeshe. Kama huna, tunarudi wote nyumbani."

Kaka si mkali, lakini akisema jambo kwa sauti ile ya chini, limekwisha. Na nyumbani nilijua kinachonisubiri: vitunguu saumu. Kung'oa, kukausha, kufunga mafungu, na ile harufu isiyotoka vidoleni hata ukisugua kwa majivu na sabuni. Sikuidharau kazi ile, ndiyo iliyonisomesha. Niliiogopa tu, kama mtu anavyoogopa kurudishwa darasa.

Mkoa wa Manyara ulikuwa bado mpya wakati huo, umemegwa kutoka Arusha. Watu waliokuwa wameandika Arusha kwenye karatasi zao maisha yote walitaka karatasi mpya na mihuri mipya, na kila kikundi, hata cha kufuga nyuki, kikataka nembo. Ndivyo ilivyoletwa kazi ya kwaya. Mwenyekiti wao, mama mmoja mkulima wa Balangdalalu mwenye sauti ya kuita ng'ombe, aliingia na wenzake wawili wakiwa na vumbi mpaka kwenye nyusi. Walitaka fulana za njano kwa kwaya nzima, na kifuani mlima Hanang. Si picha. Walitaka mchoro wa rangi moja, safi, unaoonekana kutoka nyuma ya kanisa. Na walizitaka kabla ya mnada, kwa sababu siku ile wangeimba stendi. Mlima kwenye vifua vya watu wazima, katikati ya mnada: kama hicho si kitu cha kuonekana, basi hakuna kinachoonekana duniani.

Nilianza siku hiyo hiyo. Nilisimama mlangoni na kamera ya duka, nikapiga picha ya mlima juu ya mabati, nikaiingiza kwenye kompyuta na kuifuatisha kwa kalamu ya programu ya kuchorea. Naiita kalamu, lakini haiandiki kama kalamu. Unabonyeza mahali, inaweka nukta. Unabonyeza pengine, inaunganisha nukta mbili kwa mstari. Ukibonyeza na kuvuta bila kuachia, mstari unapinda, na kwenye nukta vinachomoza vijiti viwili ambavyo ndivyo vinavyoamua upinde ulale vipi. Mtu mtulivu huweka nukta chache, kisha anavuta vijiti taratibu mpaka mstari ukubali. Mimi nilikuwa nabonyeza kila penye kigongo na kila penye shaka, nukta juu ya nukta, na kingo za mlima wangu zikawa na mikwaruzo kama mkate uliokatwa kwa kisu butu. Lakini kwa mbali ulikuwa mlima. Nikauprinti kwenye karatasi nikiwa na furaha ya kijinga.

Mama mwenyekiti aliishika karatasi ile kwa mikono miwili. Akaisogeza mbali, akaisogeza karibu. Akawapa wenzake. Wakazungumza Kiiraqw haraka haraka wakidhani sisikii, kumbe ni lugha ya mama yangu. Walikuwa wanajiuliza nani ataniambia.

"Mwanangu, umechora vizuri," mwenyekiti akasema mwishowe. "Ila huu si wetu."

Nilimjibu kwa haraka kuliko heshima inavyoruhusu kwamba Hanang iko moja tu, na ninaiona hapo nje kila siku.

"Ni moja, nakubali. Ila sisi hatuioni kutoka hapa kwenu. Bega lile refu kwetu liko mkono mwingine, na pale ulipoweka bonde sisi tuna pua. Tukivaa huu, watu wa kwetu watasema kwaya ya Katesh imekuja kutuimbia."

Nilitaka kuugeuza tu mbele yao, kushoto kuwa kulia, na niliugeuza kweli. Wakacheka mpaka mmoja akashika ukuta. Ulikuwa mlima wa Katesh uliotazamwa kwenye kioo. Hapo nilikasirika, nikatoka nje kwa kisingizio cha kutafuta karatasi, nikazunguka duka lote huku nikihesabu siku zilizobaki kufika mnada. Mzee alinifuata. Alisema kama mlima hauji dukani, mtu ndiye anayeufuata, na kwamba nikipenda niondoke na wale akina mama jioni hiyo hiyo. Ila kamera yake haipandi gari la vumbi. Niende na penseli.

Kwa hiyo nililala Balangdalalu, nyumbani kwa mama mwenyekiti, na asubuhi nilipotoka nje mlima haukuwepo. Wingu lilikuwa limeshuka mpaka kwenye mashamba. Niliambiwa nisubiri, litaondoka. Nilikaa kwenye kigoda na karatasi magotini, nikasimama, nikakaa, nikaenda mpaka zizini, nikarudi. Wenyeji wangu walivumilia, kisha mwenyekiti akaniletea gunia la mahindi na beseni, akasema mikono yangu inamchosha macho, bora ipukuchue. Nilipukuchua kutwa. Nilikula ugali na maziwa ya mgando, nikapukuchua tena. Kila nilipoinua kichwa, wingu lilikuwa palepale, na mimi nikiona kaka anafunga madume kamba, anauza, ananiangalia, tunaondoka. Nilichukia wingu. Nilichukia mahindi pia, samahani kwa kusema hivyo juu ya chakula.

Lilifunguka siku ya pili, jua lilipokuwa limeshapanda. Halikufunguka lote mara moja. Kwanza lilionekana bega, kisha ile pua waliyoisema, ikiwa peke yake hewani bila mlima. Sikuweza kuanza kuchora popote nilipotaka, nililazimika kuchora kilichoachiwa tu na wingu, na katikati nikisubiri. Nadhani hiyo ndiyo mara yangu ya kwanza kuona kwamba mstari wa mlima una mahali pachache sana unapobadili nia. Kwingine kote unaendelea tu na safari yake. Niliweka alama ya penseli pale ulipogeuka, nikaacha mengine. Vidole vyangu vilikuwa na malengelenge ya mahindi, pengine hiyo nayo ilisaidia nisibonyeze ovyo.

Nilirudi Katesh, nikafuta mlima wa kwanza wote. Nikaweka nukta ya mwanzo chini kushoto, nikavuta. Nukta begani, nikavuta kijiti mpaka mteremko ukalala. Mguu wangu ulikuwa bado unacheza chini ya meza, sitadanganya, lakini mkono ulitulia. Mzee alikuja akasimama nyuma yangu na kikombe chake. Akakiweka kikombe mezani.

Akina mama walipouona hawakujadiliana tena. Mwenyekiti aliweka kidole kwenye mteremko wa kulia, akasema shamba lake liko hapa. Tukazichapa fulana uani kwa skrini, wavu wa kitambaa uliowambwa kwenye fremu, na wino wa kijani, nikazianika kwenye kamba, njano zote, mlima mmoja ukipepea mara nyingi kwa upepo wa Katesh. Nilikuwa natoka kuzitazama kila baada ya muda mfupi, mteja akiwa amesimama kaunta ananingoja.

Siku ya mnada kaka aliingia dukani mchana, kofia mkononi, akinuka ng'ombe. Alimwamkia mzee shikamoo, mimi nikamwamkia yeye, halafu akakaa kwenye benchi lile lile. Nilikuwa nimejiandaa na maneno mengi. Hayakuhitajika. Alisema amewaona watu wamevaa mlima, wanaimba stendi, umati umewazunguka, na mama mmoja wa kwaya, kwa sauti ya kusikika mnadani kote, amewaambia watu kwamba aliyeuchora ni binti wa duka hili na kwamba hajui kukaa.

"Ni wewe?" akauliza.

"Ni mimi."

Akatikisa kichwa polepole. Kisha akasema, "Lakini Hanang haiko vile."

Nilicheka, nikaanza kumweleza habari za pande za mlima, bega na pua. Alinisikiliza mpaka mwisho. Akasema basi sawa, nikae Katesh, atamweleza mama. Nikataka kumshika mkono kama mtoto. Yeye akawa ameshasimama, akaigusa fulana moja ya ziada, isiyochapwa, tuliyoibakiza kaunta.

"Mchoree mama," akasema. "Ila mchoree ule wa kwetu, tunaouona tukifungua mlango. Avae kanisani. Wakimuuliza, awaonyeshe."

Ilikuwa kazi ya dakika chache, nikamwambia asubiri. Nilifungua ukurasa mtupu, nikachukua kalamu, nikaweka nukta ya kwanza kushoto. Nukta ya pili sikujua iende wapi. Nilifumba macho. Niliona njia ya kwenda barabarani. Niliona basi linakuja na mimi nimeshika begi. Niliona vitunguu vimetandazwa uani, na mama ameinama, na nyuma yake kitu cha bluu, kirefu, kisicho na mstari. Nilikuwa nimeangalia upande ule utotoni kote nikiwaza tu kilichopo ng'ambo yake.

"Bega linakaa upande gani?" nikamwuliza kaka.

Alinishangaa. "Si unaujua? Umezaliwa pale."

"Siujui," nikasema, na machozi yakanitoka mbele ya wateja, nikiwa nimekasirika na nimeona aibu, sijui kipi kilitangulia. Kaka aligeukia mlango asinitazame. Mzee akazima kompyuta bila kuniuliza. Nikachukua sweta na penseli, nikamwambia kaka twende wote.