Kama Hapo Juu

Mkunga alikuwa amebakiza siku tisa astaafu, na hakuna aliyemwita mkunga tena. Walimwita Bibi Mizani, kwa sababu kwa miaka kumi na minne kazi yake ilikuwa kuwaning'iniza watoto kwenye mizani ya kliniki, kusoma kilo, kuandika kwenye kadi na kuwakaripia mama zao. Mwanamke aliyepokea nusu ya mji kwa mikono yake miwili, leo mpima uzito! Jina aliliitikia huku akicheka, lakini lilimchoma.

Mji wenyewe si wa kumpoteza mtu. Ukisimama juu ya kilima, kwenye machimbo ya kokoto, unauona wote: reli, soko, nyumba mpya zinazopanda mteremko kila mwaka bila kumwomba mtu ruhusa, na chini kabisa mto wenye daraja jembamba. Ng'ambo ya daraja, mwendo wa dakika arobaini foleni ikikuonea huruma, ndiko liliko jiji. Huku wanaishi watu elfu tisini, na kila asubuhi nusu yao wanavuka kwenda kujenga, kufagia, kuuza na kulinda mali za watu wa jiji, kisha jioni wanarudi na vumbi lao. Wenye midomo huko jijini huuita mji huu chumba cha kulala. Bibi Mizani akiwasikia hujibu kwamba kwa mwenye akili, chumba cha kulala ndiyo nyumba; hayo mengine ni baraza tu.

Kilichomuuma ni kuzaa. Miaka hiyo kumi na minne nyuma, wodi ya wazazi ya kliniki ilipofungwa, ilitoka amri kwamba kila mwenye uchungu apelekwe hospitali kuu ng'ambo, kwenye wataalamu na mashine. Wodi ikawa stoo. Watoto wote wakaanza kuandikwa wazaliwa wa jiji, hata wale ambao wazazi wao hawajui jiji zaidi ya geti la mwajiri. Kisha mwaka mmoja wakaja wakubwa na chati yao. Wakazi elfu tisini, vizazi sifuri. Wakasema mji usio na vizazi hauhitaji wodi.

"Sasa sisi tunaongezekaje, baba?" Bibi Mizani aliuliza. "Tunaota kama uyoga?"

Wakacheka sana, wakamaliza soda zao, wakaondoka na chati yao. Yeye hakucheka.

Siku ile vitanda vilipotolewa, alikuwa ameokoa kitu kimoja: daftari la vizazi. Alilifungia kwenye droo yake na alikuwa akilifuta vumbi kila mwisho wa mwezi. Lilikuwa na safu za namba, tarehe, jina la mama, uzito na mahali pa kuzaliwa. Jina la mji liliandikwa mara moja tu, juu ya kila ukurasa, na chini yake vikafuata vistari viwili vidogo kwa kila mtoto, maana yake kama hapo juu. Kurasa kwa kurasa za vistari. Mtoto wa mwisho alikuwa namba elfu nne mia nane na kumi na mbili, na chini yake nusu ya ukurasa ilikuwa tupu.

Basi Jumatano moja, saa nne asubuhi, akafika msusi wa pale karibu na soko, mimba ya kwanza, chanuo bado limechomekwa nyweleni. Uchungu ulimkuta katikati ya kichwa cha mteja. Mama mkwe wake alikuja nyuma na kapu la nguo za mtoto. Bibi Mizani alimpima, akaona muda wa kufika jijini upo, kama barabara ingekuwa na adabu. Akapanda nao gari la wagonjwa, wakashuka mtoni.

Barabara haikuwa na adabu. Katikati ya daraja lori la kokoto lilikuwa limevunjika ekseli, limeziba njia zote mbili, na madereva wameshuka kulitazama. Gari la wagonjwa likasimama mwanzoni tu mwa daraja, king'ora kikilia bure.

"Bibi," msusi akasema kwa sauti ya chini, "mimi nasikia kusukuma."

Bibi Mizani akampima tena. Njia ya mtoto ilikuwa imefunguka yote. Mtoto wa kwanza hana haraka, lakini hangeweza kusubiri ekseli. Kliniki ilikuwa dakika sita nyuma yao. Akaitazama mikono yake, akaogopa, na hofu hiyo tuiseme kama ilivyokuwa: mikono hiyo haikuwa imepokea mtoto kwa miaka kumi na minne. Likitokea lolote, swali lingekuwa moja, nani alikwambia urudi? Na kabla ya swali hilo kungekuwa na mama huyu na mtoto huyu.

"Dereva, rudi."

"Nirudi wapi, Bibi? Hapa hakuna pa kugeuzia."

"Nani kasema geuza? Nimesema rudi. Wewe ulizaliwa umetanguliza matako, nikakutoa mimi mwenyewe. Kinyumenyume ndiyo fani yako."

Msusi akacheka katikati ya maumivu, kisha akapiga kelele. Mama mkwe hakucheka. "Lakini si walisema lazima ng'ambo? Mjukuu wangu azaliwe stoo?"

"Mama, mtoto hajasoma amri yao. Shuka uwaambie hao wa nyuma watupishe."

Mama mkwe akashuka. Akavua mtandio wake, akaanza kuupunga huku akiwafokea madereva wa watu, na wakampisha. Gari likarudi kinyumenyume hadi njia panda, likageuka hapo, likampakia mama mkwe, likapanda kilima.

Stoo ilikuwa na maboksi ya vyandarua, viti vilivyovunjika na kitanda kimoja ambacho hakikutolewa siku ile kwa sababu gurudumu lake lilikwama. Bibi Mizani akakitandika shuka safi, akanawa hadi viwikoni, akavaa glavu, akafungua kifurushi cha dharura cha kwenye gari. Halafu mikono ikaanza kazi bila kumuuliza. Baada ya dakika arobaini akatoka mtoto wa kike, na hakulia.

Mama mkwe akashika ukuta. Bibi Mizani akamkausha, akamfuta mdomo na pua, akamsugua mgongo, akamsugua tena. "Njoo, mama. Umeshafika, njoo," alimwambia. Mtoto akakunja uso kama mtu aliyeamshwa vibaya, akavuta pumzi, akalia hadi dereva akamsikia nje. Bibi Mizani naye akalia waziwazi, wala hakusingizia vumbi la stoo.

Daktari wa kliniki aliporudi kutoka kwenye mkutano alikuta mama ananyonyesha. Akampima, akampima na mtoto, akaridhika. Kisha akamvuta mkunga pembeni, karibu na maboksi. Hakuwa mtu mbaya.

"Bibi, umevunja amri. Hili likifika juu utaandika barua ya kujieleza, na barua hiyo itakufuata hadi nyumbani. Sikiliza. Daraja likifunguka tuwapeleke hospitali kuu, waandikishwe kule kwamba amezaliwa kule. Hakuna atakayekuuliza. Siku tisa, ukapumzike zako."

Bibi Mizani alizihesabu. Siku tisa si nyingi, na alikuwa amechoka.

"Daktari," msusi akasema kutoka kitandani, maana pembeni ya stoo si mbali, "kwani mimi nimezalia wapi?"

Mama mkwe, yuleyule aliyekuwa hataki stoo, akaweka kapu chini. "Mkataa kwao mtumwa," alisema. "Mjukuu wangu asianze maisha kwa kukataa kwao."

"Barua nitaandika," Bibi Mizani alimwambia daktari. "Kalamu ninayo. Ila barua itasubiri zamu yake."

Akaenda kwenye droo yake, akarudi na daftari, akaliweka juu ya boksi la vyandarua. Namba elfu nne mia nane na kumi na tatu. Tarehe. Jina la mama. Kilo tatu na gramu mia moja. Hilo halikumpa taabu. Akafika kwenye safu ya mwisho, akatulia, kwa sababu vistari vilivyokuwa juu yake vilikuwa vimepauka sana. Akaweka viwili vyake chini ya hivyo, taratibu.

"Umeandika amezaliwa wapi, Bibi?" msusi aliuliza.

"Kama hapo juu, mwanangu," mkunga alisema. "Kama hapo juu."