Mpira wa Donatus

Donatus alikuwa mtu wa kufunga. Sanduku lake la nguo lilikuwa na kufuli mbili. Kwa hiyo mwaka 1998, kampuni ya kutafuta dhahabu ilipomkabidhi kompyuta ya kukunja ili aingize namba za sampuli za udongo, kambi nzima ya Bugarama ilijua chombo kimepata mlinzi. Kila jioni aliitia kwenye mfuko wake na kuufunga kwa mpira wa baiskeli, kama watu wanavyofunga magunia ya mkaa, akiukaza kwa goti, kisha kuufungia mfuko stoo.

Lakini asubuhi akiifungua, kioo kilikuwa na alama: vijisanduku vidogo vya mafuta, safu kwa safu, na chini yake mstari mrefu.

"Kuna mtu anaichezea," alijisemea.

Mtu mwenyewe hakutafutwa mbali. Ufunguo wa pili wa stoo alikuwa nao Makoye, dereva, aliyeweka humo vipuri vyake. Makoye alitoka Nkome, kwa wavuvi wa ziwani, na mfuko wa shati lake haukukosa dagaa wa kukaanga. Mafuta kwenye kioo, mafuta kwenye vidole. Donatus hakuona la kuuliza zaidi.

"Mwangaluka, kaka Dona," Makoye alimsalimu asubuhi moja. "Mbona unaninusa kama mbwa wa polisi?"

"Nionyeshe mikono yako."

"Ya nini? Unataka kunivisha pete, msomi wetu wa Bukoba?"

Waliokuwa wakinywa uji waliangua kicheko. Donatus hakucheka. Mtu mwepesi wa mzaha namna hiyo, aliwaza, ana jambo. Makoye akipiga mluzi karibu na stoo, Donatus aliushuku mluzi. Akinyamaza, aliushuku ukimya. Akaongeza mpira wa pili. Alama zikazidi kukolea.

Mwishowe alikwenda kwa mzee Cornel, mkuu wa kambi.

"Shikamoo, mzee. Makoye anaifungua kompyuta. Nadhani anawauzia watu namba zetu."

"Marahaba. Neno zito hilo, Donatus. Mtu wa namna hiyo simweki hapa hata siku moja. Una hakika?"

"Ninayo."

"Basi ukirudi kutoka kupeleka namba Geita, utayasema hayo mbele yake."

Siku ya safari, Makoye alikuwa msibani Nkome, kwa hiyo Donatus alipanda lori la kampuni. Kabla ya kuondoka alikifuta kioo kwa kitambaa chenye unyevu, akaingiza namba chache huku akitafuna maandazi ya Mama Masele, kisha akafunga mipira mitatu. Njia nzima aliupakata mfuko kama mtoto mgonjwa, na lori likarukaruka mashimoni.

Alipofika nyumba ya wageni Kalangalala, mjini Geita, akafungua. Alama zilikuwapo, nzito kuliko zote.

Kwanza akamfikiria dereva wa lori. Lakini mfuko haukutoka mapajani mwake! Akakishusha kifuniko polepole, akachungulia kutoka ubavuni. Kioo na vitufe vilikaribia kugusana. Akakandamiza kwa kiganja, akafunua tena. Kila kijisanduku kilielekea kitufe chake, na ule mstari mrefu ulielekea kile kitufe kirefu cha chini. Akanusa vidole vyake. Maandazi.

Aliporudi kambini, Makoye alikuwa amesimama mbele ya mzee Cornel, kofia mkononi, mzaha umemwisha.

"Sema," mzee alimwambia Donatus.

"Mzee, hakuna aliyeifungua. Alama nimeziweka mwenyewe." Akawaonyesha: mafuta ya vidole vyake yalibaki kwenye vitufe, na mipira ikavibana vitufe kwenye kioo. "Makoye, nisamehe."

"Nilikuwa nimeshaiandaa barua ya kumfukuza," mzee Cornel alisema, akatoka nje.

Tangu siku hiyo Donatus alinawa kwa sabuni kabla ya kuandika, akatandaza kipande laini cha kanga juu ya vitufe kabla ya kufunika, na hakuweka chochote juu ya mfuko. Kioo kikabaki safi. Mipira aliipeleka kwa Makoye, huenda ingemfaa kufungia mizigo.

Makoye aliipokea. Kisha akatoa ufunguo wa stoo, akauweka kwenye kiganja cha Donatus.

"Vipuri vyangu nimevihamishia kwenye gari," alisema. "Ikitokea alama nyingine, kaka, mimi sikuwamo."