Kinu Kisichoita

Mume wangu akipenda kitu, pesa kwake ni karatasi tu. Mashine yake ya kusagia kahawa, ya chuma, ya kuzungusha kwa mkono, alimwagiza rafiki yake aliyekuwa akirudi kutoka Ubelgiji, na bei yake hadi leo hajanitamkia. Nimeuliza kwa upole, nimeuliza kwa ukali. Anacheka tu, mjinga wangu yule.

Kahawa yake tamu, sikatai. Mimi niliyekulia Bukoba, nikitafuna kahawa tangu utotoni, nilipiga funda la kwanza nikasogeza kikombe aniongeze. Kama ni utamu tu, mashine inastahili bei yake, hata hiyo isiyotajwa. Tena haina kelele, alijisifu.

Mama yake alikuwa amehama kijijini Kanzenze kuja kukaa nasi hapa mjini Mbugangari baada ya baba mkwe kufariki. Tulimbembeleza mpaka akakubali. Alikuja na kinu chake cha mti, alichovuka nacho mpakani waliporudi kutoka Kongo, na kila alasiri alitwanga kahawa uani. Du! Du! Du! Maji hayajachemka, majirani wameshaingia. Hakuna aliyealikwa kwa mdomo. Kwao mlio wa kinu ndio mwaliko.

Mashine ilipofika, kinu kikaenda stoo. Mama aliletewa kikombe chake, akanywa, akasema, "Iko muzuri," huku akitazama geti. Kesho yake vilevile. Wiki zikapita, uani kimya, hata stori za Kongo akaacha kutusimulia. Siku moja nikamkuta anakunja vitenge vyake.

"Mi narudia Kanzenze, mwanangu. Hapa batu habanipendi."

Jamani, roho iliniuma! Nampenda mama huyu kama aliyenizaa. Nikatoka mbio hadi kwa jirani, nimechemka, nikamuuliza mama mkwe wangu amewakosea nini.

Jirani akashika mdomo. "Ee Mungu! Sisi tulizani mama iko mugonjwa. Hatusikie kinu tena. Sasa mutu ataingia namna gani kwa nyumba yenye haitwangi?"

Nikarudi, nikakitoa kinu stoo, nikakifuta vumbi kwa khanga yangu, nikamwekea mama miguuni na kumweleza yote. Mume wangu, na mashine yake mkononi, akaanza kulalamika.

"Lakini mama, hii inasaga vizuri kuliko..."

"Bon, sawa," mama akamkata. "Yako isage. Yangu iite."

Akaketi kwenye kigoda, akashika mchi, akaanza kutwanga. Ndani ya kinu hamkuwa na hata punje moja ya kahawa. Kahawa yote ilikuwa kwa mwanawe, anaizungusha polepole, kimya, huku akijizuia kucheka. Mama alitwanga kinu kitupu kwa nguvu zake zote.

Geti likagongwa. Hakuinua hata kichwa.

"Ongeza maji," akaniambia.