Samaki wa Paka wa Kaka

Kaka yangu alipohamia ng'ambo, alituachia paka wake hapa Kisugu, mimi na mama. Maziwa yanamharisha, alisema, na posho, yaani ugali, si chakula cha paka. Apewe samaki wa kuchemsha, bila chumvi wala miiba.

Mama alikuwa mgonjwa tayari, meno yamemwisha, akiishi kwa uji. Hata hivyo, kila asubuhi aliketi kibarazani akichambua miiba kwa vidole vyake vilivyovimba. Nilipotaka kumpokea sahani alikataa. "Niache. Huyu ni mgeni wa mwanangu."

Kaka alipiga simu kila Jumapili. "Anakula vizuri? Manyoya yanang'aa?" Mama alikaa karibu akinitazama. Simu ikikatika aliuliza, "Ameniulizia?"

"Amekusalimu sana, mama," nilimjibu.

Mama alipofariki, kaka alikuja kumzika. Kabla hata hajavua viatu, alimbeba paka akampapasa mbavu.

"Amenawiri kweli. Asante, dada."

Nikamwambia aliyemlisha ni marehemu, naye mwenyewe samaki alikuwa hawezi kumla. Akauliza kama paka huruhusiwa kusafiri kwa ndege.

Niliingia ndani kuwapakulia waombolezaji.