Chapati za Santi

Bado wapo wanaosema kwamba wifi yangu, Nihal Kaur, aliachwa siku ya harusi yake. Mimi nilikuwepo. Marehemu mume wangu hakupenda kubishana na watu, kwa hiyo naandika mimi.

Baba mkwe wangu, Baba Tehal Singh, alilima ngano na kuongoza ibada katika hekalu letu Masingasinga, kijijini Kotli. Alikataza wazazi kudaiwa mali ili binti zao waolewe. Alifungua darasa la wasichana katika ghala lake, na nilipoolewa pale alinikabidhi darasa hilo badala ya nyati wa kufugwa niwakamue. Mama mkwe alinuna mwezi mzima.

Kisha Baba akaligusa jiko la hekalu. Sote tulikula pamoja, tumeketi chini kwa mstari mmoja, lakini watu wa tabaka la chini la wafagiaji hawakuruhusiwa kukanda unga. Baba akamweka Santi, mjane wa mfagiaji, kwenye chapati. Jumapili tatu mfululizo nusu ya mstari ilikuwa tupu.

Nihal alikuwa na miaka ishirini na mitatu, umri wa kusemwa kwa kutoolewa. Alichumbiwa na mwana wa Sardar Kehar Singh, mwenye mashamba makubwa. Baba alimwandikia Sardar mapema kwamba Santi ndiye atakayepika siku ya harusi. Barua niliiandika kwa mkono wangu. Asiseme mtu kwamba walifichwa.

Asubuhi ya harusi wageni waliketi kula kabla ya ibada. Chapati kwetu haiwekwi kwenye sahani, hupokelewa kwa viganja viwili. Santi alipofika na kikapu, Kehar Singh alificha mikono ndani ya shali.

"Babaji, nilidhani barua ile ni utani. Mwambie huyu mama akapumzike."

"Alipumzika jana," Baba akajibu.

Mgeni mmoja akacheka. "Na juzi si alikuwa anazoa kinyesi?"

"Cha ng'ombe, Sardarji," Santi akasema. "Na hakuna hata mmoja aliyenitukana."

Kehar Singh akasimama. "Chagua, Babaji. Chapati zake au mwanangu."

Baba akatugeukia sisi wanawake.

"Anayeolewa si mimi," akasema. "Mwiteni."

Nihal akaja amevaa nguo zake nyekundu za harusi. Alimtazama bwana harusi. Bwana harusi akatazama sahani yake.

Katika familia yetu bibi harusi hali kitu mpaka amalize kukizunguka Kitabu Kitakatifu na mumewe, ndiyo ndoa yenyewe. Nihal aliketi kwenye mstari, akafungua viganja.

"Shangazi Santi, nipe mbili. Nina njaa tangu jana."

Akala zote mbili, taratibu. Wageni wakaondoka na farasi wao.

Jumapili iliyofuata nafasi nne tu zilikuwa tupu. Mchumba mwingine hakuja, si mwaka ule wala baadaye.

Lakini siku ile, watu walipokwisha kutawanyika, nilimkuta Baba akikunja mikeka peke yake. Nihal akaingia, bado na nguo nyekundu.

"Umenikasirikia, mwanangu?"

"Ndiyo, Baba. Nilimpenda yule. Na kesho nitakuwa nimekasirika vilevile." Akainama, akashika upande wa pili wa mkeka. "Vuta kwako, unaukunja kombo."